Je, Skuli ya Sekondari Yamtayarisha Kijana kwa Chuo Kikuu?

Hotuba kwa Wazazi, Walimu na Vijana wa Bukoto, Kampala



Mtu akitoka Bukoto kwa miguu asubuhi, akapita Kamwokya, akashuka Mulago na kuupanda mlima kutoka Wandegeya, hufika katika lango la Makerere kabla ya jua kuwa kali. Njia hiyo si ndefu. Lakini iko njia nyingine baina ya mitaa hii na kilima kile, nayo haipimwi kwa maili. Ni njia ya kutoka katika dawati la kidato cha sita mpaka kiti cha ukumbi wa mihadhara. Wengi huianza kwa furaha. Nyumbani hupikwa pilau, jirani huja na pongezi, na bibi mzee huinua mikono kuomba dua. Walakini si wote waianzao huimaliza, na katika wale waimalizao wako walioumia njiani bila ya mtu kujua.

Swali la leo ni jepesi kulitamka, lakini jawabu yake yataka subira: Je, skuli ya sekondari yamtayarisha kijana kwa masomo ya Chuo Kikuu, ama yamfikisha mlangoni tu na kumwacha hapo?

WAZEE WALIPIGANIA MLANGO

Ili kulifahamu jambo hili yafaa kurejea nyuma kidogo. Makerere ilianza mwaka 1922, nayo haikuwa Chuo Kikuu bali skuli ya ufundi yenye wanafunzi 14 wa kutwa, waliojifunza useremala, ujenzi na umakanika. Mwaka 1945 waliingia wanawake wa kwanza, nao walikuwa 6 tu. Mwaka 1949 ikawa chuo kilichofungamana na Chuo Kikuu cha London, na wanafunzi wakaweza kupata shahada za London pasipo kuondoka Kampala. Mwaka 1963 iliunganishwa na Nairobi na Dar es Salaam ikawa sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika ya Mashariki, na mwaka 1970 ikasimama peke yake.

Katika miaka ile mtoto wa Kiislamu alikuwa na taabu ya namna yake. Skuli zilizosifika nchini zilijengwa na misheni: Namilyango mwaka 1902, Gayaza mwaka 1905, Budo mwaka 1906. Wazazi wengi wa Kiislamu walichelea kuwapeleka watoto huko wasije wakaiacha dini yao. Basi wengi walibaki na chuo cha Kurani peke yake, hali ya kuwa kazi za ofisi, za utabibu na za sheria zilikwenda kwa wale waliopita katika skuli zile. Wachache walipenya, kama marehemu Abubakar Mayanja, aliyesoma Budo, akaingia Makerere, na baadaye akafika Cambridge. Lakini jumuiya haiwezi kujengwa kwa watu wa kuhesabika kwa vidole.

Ndipo wazee walipoinuka. Mwaka 1945 skuli ya Kibuli ilianzishwa, na jina la Mwana wa Mfalme Badru Kakungulu halitasahauliwa katika habari hiyo. Mwaka huo huo, huko Mombasa, iliundwa Jumuiya ya Ustawi wa Waislamu wa Afrika ya Mashariki chini ya uongozi wa Aga Khan wa tatu, naye alitoa ahadi mashuhuri: kila fedha iliyochangwa na watu kwa ajili ya skuli na misikiti, naye ataongeza kiasi kama hicho. Shilingi ya mchuuzi ikazaa shilingi ya pili, na skuli zikasimama mahali ambapo palikuwa na majani. Mwaka 1974 viongozi wa nchi za Kiislamu waliokutana Lahore waliafiki kuwa Uganda ijengewe Chuo Kikuu, na mwaka 1988 Chuo Kikuu cha Kiislamu kilifunguliwa Mbale kikiwa na wanafunzi 80.

Katika habari zote hizo neno moja larudi daima, nalo ni neno kuingia. Wazee walitaka mtoto aingie skuli, aingie sekondari, aingie Makerere. Walikuwa na haki, maana mlango ulikuwa umefungwa. Lakini mtu aliyegonga mlango kwa miaka mingi aweza kusahau kuuliza ndani ya nyumba kuna nini. Leo mlango u wazi zaidi kuliko zamani: vyuo vikuu vya Serikali na vya watu binafsi ni vingi, na tangu miaka ya mwanzo ya 1990 Makerere yapokea pia wanafunzi wanaojilipia wenyewe. Swali la kuingia halikwisha, ila limezaa swali la pili: huyo aliyeingia, je, ataweza kukaa?

BARAZA ILIYOHAMISHWA

Liko jambo moja ambalo vijana wengi hawalijui. Zamani Makerere yenyewe ndiyo iliyowatayarisha wanafunzi wake. Kijana alikuja na cheti cha Cambridge baada ya kumaliza masomo ya sekondari, wala hakuanza masomo ya shahada mara moja. Aliwekwa kwanza miaka miwili katika masomo ya matayarisho, ya sanaa au ya sayansi. Miaka hiyo ilikuwa kama baraza ya nyumba: mgeni hajaingia ndani, lakini hayuko tena barabarani. Alikaa karibu na maktaba kubwa, akawaona wakubwa wake wanavyosoma, akazoea kusikiliza mhadhara na kuandika yale aliyoyafahamu, wala si yale aliyosomewa kwa imla. Alipoanza masomo ya shahada mazoea yalikuwa yamekwisha kumkaa.

Kuanzia mwisho wa miaka ya 1950 mpaka mwanzo wa miaka ya 1960 kazi hiyo ilihamishiwa katika skuli za sekondari. Vikaundwa vidato vya tano na sita, na cheti cha juu cha sekondari kikawa ndicho kipimo cha kuingilia Chuo Kikuu. Nia ilikuwa njema, maana Makerere ilipata nafasi ya kufundisha shahada tu, na skuli nyingi zaidi zikapata heshima ya masomo ya juu. Kwa maneno mengine, baraza ilivunjwa penye nyumba ikajengwa katika kiwanja kingine.

Na hapo ndipo ilipoanza shida. Skuli ya sekondari ina bwana mwingine inayemtumikia, naye ni mtihani. Mtihani huo ulitoka kwanza Cambridge. Tangu mwaka 1967 likawako Baraza la Mitihani la Afrika ya Mashariki. Na tangu mwaka 1983 Uganda ina Baraza lake la Taifa la Mitihani. Majina yamebadilika lakini bwana ni yule yule. Skuli husifiwa magazetini kwa hesabu ya waliofaulu. Mzazi huchagua skuli kwa hesabu hiyo, na mwalimu hupimwa kwa hesabu hiyo hiyo. Haipo hesabu yo yote inayochapishwa kuonyesha ni wangapi katika wanafunzi wa skuli fulani waliodumu katika Chuo Kikuu mpaka wakavaa joho. Basi skuli yafanya lile ambalo inaulizwa. Kama watu wanauliza alama, italeta alama.

YALE AMBAYO SEKONDARI YATOA

Haifai kuwadharau walimu. Mtoto aliyekuja kidato cha kwanza akiwa hawezi kuandika barua kamili kwa Kiingereza, akatoka kidato cha sita akisoma vitabu vya uchumi au vya kemia, amefanyiwa kazi kubwa. Skuli imempa maarifa ya msingi, imempa adabu ya kuamka mapema, na imemkutanisha na watoto wa makabila na dini mbalimbali. Mengi katika hayo atayahitaji maisha yake yote.

Hata katika mpango wa masomo yenyewe watungaji hawakusahau Chuo Kikuu. Mwanafunzi wa kidato cha tano na sita husoma masomo makuu 3, na pamoja nayo masomo madogo 2. Moja katika hayo madogo ni somo la maarifa ya jumla. La pili ni hesabu ndogo ama matumizi ya kompyuta. Alama za juu kabisa anazoweza kuzipata ni 20: kila somo kuu lina 6, na kila somo dogo lina 1. Sheria ya vyuo vikuu ya mwaka 2001 yataka aliyefaulu angalau masomo makuu 2 ndiye aweze kuanza shahada moja kwa moja.

Lizingatiwe hilo somo la maarifa ya jumla. Liliwekwa makusudi ili kijana ajifunze kutoa hoja, kupima maneno ya pande mbili, na kusoma habari akatoa maana yake. Hayo hasa ndiyo maisha ya Chuo Kikuu. Lakini kwa kuwa alama yake ni 1 katika 20, katika skuli nyingi husomwa Ijumaa mchana watu wakiwa wamechoka, au huachwa mpaka wiki za mwisho. Kwa hiyo lile somo lililo karibu zaidi na Chuo Kikuu ndilo linalopewa saa chache zaidi. Mpango unajua linalohitajiwa, lakini alama zawafundisha watu kulidharau.

MAMBO MANNE YANAYOMSHANGAZA MGENI

Kijana anapofika Chuo Kikuu hukutana na mambo manne ambayo sekondari haikumzoeza.

La kwanza ni kukosekana kwa kengele. Katika skuli ya bweni kengele humwamsha, humlisha, humpeleka darasani na humlaza. Saa za kujisomea usiku huwa na mwalimu mlangoni. Katika Chuo Kikuu aweza kuwa na mhadhara mmoja asubuhi na wa pili jioni, na baina ya hiyo miwili hakuna mtu anayemwuliza yuko wapi. Kijana huiona nafasi hiyo kama mapumziko, kumbe ndiyo saa ya kazi yenyewe. Mhadhiri hutoa mlango wa somo tu, na kusoma ni juu ya mwanafunzi mwenyewe.

La pili ni kitabu. Kwa miaka 6 amepewa noti za mwalimu, na juu yake vijitabu vya maswali na majibu vinavyouzwa mjini. Amezoea kuwa kila swali lina jawabu moja iliyokwisha kuandikwa mahali. Mhadhiri humwambia asome vitabu vitatu juu ya jambo moja, na vitabu vitatu vyasema mambo matatu. Kijana hushikwa na fadhaa. Hajui kuwa kule kutofautiana ndiko somo lenyewe. Wengine hunakili maneno ya mwandishi kuwa yao, si kwa nia ya kuiba, bali kwa sababu katika sekondari aliyenakili sawasawa alisifiwa. Huko aliko sasa kitendo hicho ni kosa kubwa, naye hakuambiwa.

La tatu ni kuuliza. Wahenga walisema asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Lakini mtoto aliyekaa katika darasa la watu 80, mwalimu akikimbilia kumaliza mpango wa masomo kabla ya mtihani, hujifunza kuwa swali ni usumbufu. Juu ya hayo, malezi ya nyumbani yamemfundisha kuwa kumbishia mkubwa ni utovu wa adabu. Adabu hiyo ni njema, wala isivunjwe. Ila yapaswa aonyeshwe kuwa kuuliza kwa heshima si kubisha. Wanazuoni wa Kiislamu wa zamani walikaa katika duara mbele ya sheikh, wakauliza, wakajibiwa, wakarudia kuuliza, wala hapana aliyewaita wakosefu wa adabu.

La nne ni jinsi ya kupimwa. Katika sekondari jambo lote hungoja mtihani wa mwisho. Kijana aweza kulala miezi kumi kisha akakesha miezi miwili akafaulu. Katika Chuo Kikuu sehemu ya alama hutoka katika kazi za muhula, zianzazo wiki za mwanzo kabisa. Yeye bado anatafuta chumba na sufuria, kumbe hesabu imekwisha kuanza kuandikwa.

SURA YA KIJANA MMOJA

Mfano ufuatao si habari ya mtu mmoja. Ni sura ya wengi.

Kijana wa Bukoto amefaulu kwa alama nzuri, lakini hazikutosha kumweka katika wale takriban 4,000 ambao kwa miaka mingi Serikali imekuwa ikiwalipia kila mwaka katika vyuo vyake. Baba ana duka dogo karibu na soko. Mama ana cherehani. Kipande cha ardhi walichokiweka kwa ajili ya uzee kimeuzwa, na karo ya mwaka wa kwanza imelipwa. Msikitini imamu ametaja jina lake, na wazee wamechanga kwa ajili ya vitabu.

Wiki sita za mwanzo hafahamu mengi katika mihadhara. Mhadhiri husema haraka, na ukumbi una watu mamia. Hamwulizi mtu, kwa kuwa adhani wengine wote wamefahamu. Kazi ya kwanza anairudishiwa ikiwa na alama ndogo na neno moja lililoandikwa pembeni. Hajapata kamwe alama kama hiyo maishani mwake. Anaificha. Mwisho wa muhula ameanguka masomo matatu, na kila moja lapaswa kurudiwa, tena kwa malipo. Akija nyumbani siku ya Idi babake amwuliza, Masomo vipi? Naye ajibu, Alhamdulillahi. Baba naye haulizi zaidi, maana hajui la kuuliza.

Hapo ndipo kijana hupotea, na wala hapotei kwa ujinga, kwa sababu mtihani wa Taifa ulikwisha kuthibitisha kuwa si mjinga. Hupotea kwa kuwa hana wa kumwambia. Mtoto wa mhadhiri au wa wakili akipata alama ndogo, nyumbani yupo mtu atakayemwambia kuwa jambo hilo humpata kila mgeni na dawa yake ni hii na hii. Mtoto wa mwenye duka ambaye ni wa kwanza katika ukoo wake kufika huko hana mtu huyo. Tofauti baina ya wawili hao haikuandikwa katika cheti cho chote, na skuli haikuweza kuifuta.

Yafaa izingatiwe hasara yake. Ardhi imekwisha kuuzwa. Wadogo zake wawili wataambiwa kuwa kusoma hakumfai mtoto wa nyumba ile. Na mchango wa mwaka ujao utakuwa mgumu kuliko wa mwaka huu.

JE, MIAKA YAPUNGUZWE AU YAONGEZWE?

Wako wasemao kuwa dawa ni kubadili hesabu ya miaka. Kenya ilifanya hivyo: kwa mpango wa 8-4-4 ulioanza mwaka 1985 iliviondoa vidato vya tano na sita, na masomo ya shahada yakawa miaka 4. Uganda na Tanzania zilibaki na vidato hivyo. Hata hivyo manung'uniko ya kwamba wanafunzi huja wamekariri wala hawakufahamu yamesikika katika nchi zote tatu, na Kenya yenyewe imekwisha kuuacha mpango huo na kuandaa mwingine. Yaelekea basi kwamba jambo kubwa ni lile linalofanywa ndani ya miaka, si hesabu yake.

Uganda nayo imechukua hatua. Tangu mwaka 2020 vidato vinne vya chini vimeanza mpango mpya, ambao wataka mwanafunzi afanye kazi za uchunguzi, aeleze kwa maneno yake, na alama za kazi hizo zihesabiwe pamoja na za mtihani. Kundi la kwanza lilifanya mtihani wake mwaka 2024. Kundi hilo ndilo pia lililokumbwa na kufungwa kwa skuli kwa sababu ya maradhi ya korona, tangu Machi 2020. Na skuli zote hazikufunguliwa kwa ukamilifu mpaka Januari 2022. Kwa mwendo wa kawaida litafika katika vyuo vikuu mwaka 2027. Kama mwalimu wa kidato cha tano na sita atawarudisha vijana hawa katika imla ya zamani, faida ya miaka minne itapotea katika miwili. Na kama ataiendeleza, huenda ile baraza ya kale ikajengwa upya.

YALIYO MIKONONI MWA JUMUIYA

Mpango wa masomo u mikononi mwa Serikali. Lakini kuna mambo ambayo hayangoji Serikali, na hayo ndiyo ya kutiliwa nguvu na jumuiya ya Bukoto.

Kwanza ni ile miezi mirefu. Mtihani wa kidato cha sita kwa desturi huisha mapema Desemba, na vyuo vikuu vingi hufungua karibu na Agosti. Hiyo ni zaidi ya nusu ya mwaka, na ni miezi isiyo ya skuli wala ya Chuo Kikuu. Mara nyingi kijana huuza dukani, au hukaa na simu. Kuuza dukani si aibu, na kwa nyumba nyingi ni lazima. Lakini katika siku 7 hazikosekani siku 2 za jioni. Katika jioni hizo vijana waliomaliza wakusanywe katika chumba kimoja cha madrasa. Kila mmoja apewe kitabu kizima asome, si muhtasari wake. Aandike kurasa mbili kueleza mwandishi amesema nini, na yeye mwenyewe ana maoni gani. Asimame mbele ya wenzake aulizwe, naye ajibu. Jambo hili halitaki fedha nyingi. Lataka taa, vitabu vichache, na mtu mmoja mwenye subira.

Pili ni mkubwa wa kumshika mkono. Kila anayeingia Chuo Kikuu apewe mwenziwe wa mwaka wa pili au wa tatu, wa mtaa huu huu. Huyo amwonyeshe maktaba, amweleze jinsi kazi za muhula zinavyopimwa, na amwambie habari za kuanguka kwake mwenyewe. Kijana husadiki zaidi neno la aliyeanguka akainuka kuliko nasaha za wazee kumi.

Tatu ni fedha za msaada. Desturi ni kuchanga karo ya mwanzo, kupiga picha, kisha kungoja siku ya joho. Yafaa mchango ufuatwe na macho. Baada ya kila muhula kijana alete matokeo yake mbele ya watu wawili au watatu wanaoweka siri. Asiitwe ili ahukumiwe, bali ili asaidiwe kabla ya mambo kuharibika. Shilingi inayotumiwa kumwokoa aliyeko ndani katika mwaka wa kwanza hufanya kazi kubwa kuliko ile ya kumwingiza mwingine na kumwacha.

Nne ni wasichana. Mwaka 1990 Makerere ilianza kuwaongezea wasichana alama 1.5 wakati wa kuchagua wa kuingia, na wengi walipata nafasi kwa hilo. Lakini alama hiyo humsaidia mlangoni tu. Msichana ambaye katika miezi ile mirefu amepewa kazi za jikoni asubuhi mpaka usiku, hali ya kuwa kakake apewa nafasi ya kusoma, amepunguziwa nyumbani kile alichoongezewa Chuoni. Akina mama wasikie jambo hili, na akina baba zaidi.

Tano ni kukumbuka kuwa shahada si njia ya pekee. Huko Mombasa, mwaka 1951, kilifunguliwa Chuo cha Elimu ya Kiislamu, kwa fedha zilizotolewa na Sultani wa Zanzibar, Aga Khan, jamaa wa Bohora na wengineo. Kilifundisha ufundi, pamoja na mambo ya ubaharia na umeme. Baadaye kikawa skuli kuu ya ufundi, na mwaka 2013 kikawa Chuo Kikuu cha Ufundi cha Mombasa. Na Makerere pia, kama ilivyokwisha kutajwa, ilianza kwa useremala. Vyuo hivyo viwili vyaonyesha kuwa ufundi si daraja la walioshindwa. Kijana ambaye matokeo yake hayakutosha aweza kuanza kwa diploma, akajifunza kazi, kisha akaingia shahada akiwa mtu mzima ajuaye anachokitafuta. Kuna pia masomo ya mwaka mmoja ya cheti, yaliyowekwa kwa ajili ya kumwandaa asiyetimiza masharti ya kuingia. Mzazi asione haya kumpitisha mwanawe huko.

JAWABU

Basi jawabu ya swali la mwanzo ni hii. Skuli ya sekondari yamtayarisha kijana kwa mtihani, na kwa kazi hiyo yastahili shukrani. Kwa Chuo Kikuu yamtayarisha nusu. Nusu ya pili, yaani kusoma pasipo kusukumwa, kuuliza pasipo kuogopa, na kukiri kuwa umeanguka kabla hujachelewa, zamani ilifundishwa katika baraza ya Makerere yenyewe. Baraza hiyo haipo tena, wala haikujengwa barabara mahali pengine. Watoto wa nyumba zenye wasomi huipata nyumbani kwao. Watoto wa wenye maduka, wa mafundi cherehani na wa waendesha bodaboda wataipata wapi, kama jumuiya yao haikuwajengea?

Wazee wa mwaka 1945 hawakuwa matajiri. Walichanga kwa shilingi, wakajenga skuli kwa ajili ya watoto ambao wengi wao walikuwa bado kuzaliwa. Kazi ya leo ni ndogo kuliko yao: chumba, taa, vitabu, na watu wa kuuliza habari. Na kila baba anayengoja mwanawe siku ya Idi ajitayarishe kwa swali lililo bora kuliko lile la Masomo vipi. Amwulize, Ni jambo gani hukulifahamu muhula huu, na umemwuliza nani? Kijana akijua kuwa swali hilo lamngoja nyumbani, hataficha karatasi yake.

Mwenyezi Mungu awape vijana elimu yenye manufaa, na awape wazazi subira ya kuwafuata mpaka mwisho wa njia. Wassalaam alaykum.